Uzi Mwekundu Ambao Sikuuchoma

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kuficha. Naogopa radi, naogopa ng'ombe mwenye pembe, naogopa simu ikilia alfajiri. Mume wangu hunicheka kwamba hata jani la mgomba likidondoka mimi naruka. Lakini hofu zote hizo ni za kuchezea. Hofu yenyewe hasa niliionja siku moja ya mwezi wa saba, huku kwetu Kisiba, binti yangu akiwa na wiki saba tangu azaliwe. Siku hiyo nilikaribia kumpotezea kidole kwa glovu nilizomfumia mwenyewe.

Nianze na baridi, maana ndiyo chanzo. Watu wa Dar es Salaam ukiwaambia Tukuyu kuna baridi wanadhani unatafuta sababu ya kuvaa koti. Waje mwezi wa saba! Ukungu unakaa mlangoni mpaka saa nne, migomba inadondosha maji hata mvua ikiwa imekatika, na nepi ulizoanika Jumatatu unazianua Alhamisi zikiwa bado na unyevu. Binti yangu alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, hata kumshika nilikuwa naogopa. Mama mkwe alipotupokea kutoka hospitali aliniambia jambo moja na akalirudia kila siku: mikono na miguu ya mtoto isionekane nje mpaka baridi iishe, kwa sababu baridi ya huku huingilia vidoleni. Nikaishika amri hiyo kwa mikono miwili.

Kufuma nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe. Uzi mpya hatukuujua. Tulinunua sweta za mitumba sokoni Tukuyu, tukazifumua, tukauviringisha uzi upya. Na glovu za bibi hazikuishia kwenye kufumwa. Alizifuma kubwa mara mbili ya mkono, ukiziona unacheka, kisha akazipika. Ndivyo alivyoita, kupika. Unazitia kwenye beseni la maji ya moto, unapaka sabuni ya mche, unazisugua na kuzikanda kama unga wa chapati, unazitumbukiza kwenye maji ya baridi, unarudi kwenye ya moto, mpaka sufu inasinyaa na nywele zake zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Mwisho huoni tena vitanzi. Inakuwa nzito kama blanketi, upepo haupiti, na ndani hakuna uzi unaoning'inia.

Ila uzi wenyewe lazima uwe manyoya ya kondoo kweli. Sweta nyingi za mitumba ni plastiki tupu, na plastiki haipikiki hata uiache mchana kutwa kwenye maji ya moto. Kwa hiyo bibi alikuwa na sheria yake: kabla hujafuma, choma. Kata kipande kidogo cha uzi, kiwashe. Kikinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu, hiyo ni sufu. Kikiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, weka pembeni. Na usichome mahali pamoja tu, alikuwa akisema, choma mkono huu na mkono ule, kifua, mgongo na shingo, kwa sababu watu wa viwandani wana ujanja wao wa kuchanganya nyuzi.

Mimi nilikuwa na sweta mbili, moja nyeupe na moja nyekundu. Nyeupe niliichoma, ikanuka nywele mpaka nikapiga chafya. Ile nyekundu sikuichoma. Kiberiti kilikuwa kimelowa, njiti nne zilikuwa zimekataa, iliyowaka ikawa ya tano na ndiyo nimeshaitumia kwa ile nyeupe. Basi nikaipima nyekundu kwa kuishika tu, nikasema hii ni nzito, hii ni sufu. Kusema kweli nilikuwa nimeshaipenda ile rangi, na nilitaka maua mekundu kwenye glovu za binti yangu. Njiti nyingine ningeweza kuomba kwa mama mkwe, hatua arobaini tu. Uvivu jamani, na mapenzi ya rangi!

Nikafuma vifuko viwili vyeupe visivyo na kidole gumba, kila kimoja na maua matatu mekundu. Ukifuma maua namna hiyo, uzi mwekundu hupita kwa ndani kutoka ua moja hadi lingine. Nikavipika. Nyeupe ikasinyaa vizuri, na maua yakatuna kwa nje kama yamechanua. Nilicheka peke yangu jikoni kwa furaha. Mama mkwe akavishika akasema, "Mkamwana, mikono yako ina baraka." Mkamwana ni mke wa mtoto, ndivyo anavyoniita. Nikavimba kichwa, wala sikuvigeuza nione ndani kukoje. Laiti ningevigeuza! Maua hayakuwa yamechanua. Nyeupe ilikuwa imesinyaa, nyekundu ilikuwa imegoma, na kila uzi mwekundu uliopita kwa ndani ulikuwa umebaki mrefu, umelegea, umekuwa kitanzi.

Siku ya tatu ya kuvaa zile glovu kulikuwa na msiba kijiji cha juu. Mama mkwe na wanawake wote wa jirani waliondoka asubuhi wakiwa na ndizi na maziwa kichwani. Mume wangu alikuwa Kiwira, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na akiwa kazini simu yake huita bila kupokelewa. Mimi nilibaki na mtoto, na mvua.

Akaanza kulia baada ya chai. Nikamnyonyesha, akaachia ziwa akalia. Nikamcheulisha, nikambadilisha nepi, nikampakata, nikamweka mgongoni nikazunguka naye chumbani. Nikadhani ni tumbo, nikamsugua tumbo. Nikadhani ni baridi, nikamwongezea blanketi. Kilio kilikuwa kinapanda, na kilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kama kinamkaba. Nikaanza kusali kwa sauti. Mawazo yote mabaya unayoyajua yalinipitia, homa ya mapafu, degedege, na mengine siyataji. Kila kitu nilikigusa isipokuwa ile mikono, kwa sababu mikono isionekane nje.

Nilikuja kumshika mkono wa kushoto kwa bahati tu, nikitaka kuubusu. Akapiga ukelele mpaka akaishiwa pumzi, kinywa wazi, sauti haitoki. Nikavuta glovu. Haikutoka. Nikavuta tena, nikaona kidole kinavutika nayo. Nilichukua mkasi wangu wa nyuzi nikaikata ile glovu kuanzia kwenye kifundo cha mkono kidogo kidogo, nikaifungua, na hapo nikaona. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba, rangi ya bilinganya. Kwenye shina lake nyuzi nyekundu zilikuwa zimejizungusha na kuzama kwenye nyama, hata huzioni, unaona mfereji tu.

Mungu wangu! Nilijaribu kuingiza ncha ya mkasi. Ncha ikateleza, ikamchoma, tone la damu likatoka, nikautupa mkasi chini. Nikapiga simu kwa mume wangu mara tatu, ikaita mpaka ikachoka. Nikatoka nje na mtoto kifuani nikapiga yowe. Nani aje? Wote wako msibani. Mtu mmoja tu hakuwa amekwenda kwa sababu ya goti lake, naye alikuwa upande wa pili wa migomba yetu, nasikia panga lake likikata majani ya ng'ombe. Baba mkwe.

Lazima nieleze, maana mgeni hataelewa kwa nini nilisimama. Kwetu mkamwana humwogopa baba mkwe. Humtazami usoni, husemi naye, hutaji jina lake, hamkai chini ya paa moja, na mkikutana njiani wewe ndiye unayejitosa kwenye migomba mpaka apite. Mjini wengi wameshaacha, na kanisani wanatuambia si dhambi kusalimiana. Lakini baba mkwe wangu ni mtu wa zamani. Miaka mitatu nimeolewa pale, uso wake sikuujua. Nilimjua kwa mgongo, kwa sweta lake la kijivu alilovaa tangu alipokuwa mlinzi kwenye mashamba ya chai, na kwa kikohozi. Kila alipotaka kupita karibu na nyumba yangu alikohoa mara mbili akiwa mbali ili niwahi kuingia ndani. Na siku ya kuingia pale nilionywa na wanawake wa ukoo, tena kwa macho makavu: mkamwana asiyeogopa, ubaya wake humrudia mtoto.

Sasa mtoto ndiye huyu, mkononi. Na yule mzee ndiye mtoa funza wa kijiji kizima. Watoto wanapelekwa kwake kutoka mbali, anatoa funza na mfuko wake wote bila kuupasua, anatoa miiba iliyovunjikia ndani. Hakuna mtu mwenye mkono mtulivu kama wake. Nililijua hilo, na bado miguu iligoma. Nilisimama kwenye mgomba wa mwisho, mvua inaninyeshea, naogopa kwenda na naogopa kurudi. Naona aibu kusema nilisimama kwa muda gani. Kilichonisukuma ni kwamba mtoto alinyamaza. Alikuwa amechoka kulia, ananitazama tu, na ule ukimya ulinitisha kuliko kelele zote.

Nikajifunika kanga mpaka machoni nikapita. Panga likakoma. Nikaona miguu yake, viatu vya mpira vyenye matope, ikirudi nyuma hatua mbili. Yeye naye aliogopa. Nikapiga magoti kwenye majani ya ng'ombe, nikaunyoosha ule mkono mdogo mbele.

Kisha nikasikia sauti nisiyoijua, nzito, ya taratibu, na haikuwa inasema na mimi.

"Mjukuu wangu," alisema, "mwambie mama yako akuingize kibarazani. Mwambie akae aangalie ukutani."

Nikakaa barazani kwake nimeangalia ukutani, mkono wa mtoto nimeunyoosha kwa nyuma yangu. Nikasikia anawasha kiberiti, anapitisha pini na wembe kwenye moto.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako akushike kiwiko, usitikisike. Huu ni uzi gani?"

"Mwanangu," nikasema, "mwambie babu yako ni uzi wa sweta. Mwambie ni mimi. Mweupe niliuchoma, mwekundu sikuuchoma."

"Mjukuu wangu, muulize mama yako, uzi unachomwa wa nini?"

Basi nikamweleza. Nikiwa nimeangalia ukuta wa udongo, mtoto amerudi kulia, mtu anapitisha wembe kwenye nyama ya mwanangu, mimi naeleza habari za manyoya na plastiki, nywele na kishanga, mkono huu na mkono ule, kifua, mgongo na shingo, yote niyatoe kama mtu anayetubu. Sikuweza kunyamaza. Ningenyamaza ningezimia. Nilisikia pumzi za mzee tu, na kila baada ya muda, "Mmoja." Kisha wembe tena. "Wa pili huu."

Wa tatu ulichukua muda mrefu sana. Mtoto alipiga kelele mpaka nikauma kanga yangu. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, mwambie mama yako nimefika ninapoweza. Kilichobaki kipo ndani sana. Twende kwa daktari."

Nilitazama kidole. Bado kilikuwa bilinganya. Hapo ndipo nilipolia.

Yeye alitangulia na goti lake bovu, anachechemea kwenye utelezi, hageuki nyuma, mimi nafuata hatua kumi nyuma yake. Barabarani alisimamisha bodaboda, akamwambia kijana jambo, kisha akaingia yeye kwenye migomba ya watu ili nipande. Yeye mzee, mimi mtoto wake, naye ndiye aliyejificha.

Kwenye zahanati daktari aliwasha taa, akaweka lenzi jichoni, akatoa kipande kingine, chekundu, kifupi kama kope. Akasema aliyetoa vile vya juu amesaidia sana, sasa tusubiri rangi. Nikamuuliza, isiporudi? Akasema tusubiri. Nilikaa kwenye benchi nimekishika kile kidole kwa ncha, nakitazama. Sijawahi kutazama kitu namna ile. Nilihesabu pumzi za mtoto, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo sitayaandika, mengine sijayatimiza mpaka leo. Baadaye nikasikia nje, chini ya dirisha, kikohozi mara mbili. Alikuwa ametembea mvuani mpaka pale. Hakuingia.

Rangi ilianza kurudi kuelekea jioni. Kwanza kwenye ncha, wekundu hafifu ambao nilidhani ni macho yangu. Muuguzi akabonyeza, akaachia, damu ikarudi. "Kimepona," akasema. Nikamwomba atoke akamwambie mzee aliye nje. Alitoka. Aliporudi aliniambia mzee amevua kofia, amesimama kidogo, kisha ameondoka.

Unadhani hofu iliishia hapo? Ng'o! Ndiyo kwanza ikapata nyumba. Nilirudi nikatia zile glovu motoni, nyeupe ikanuka nywele, nyekundu ikayeyuka ikadondoka kama machozi ya mshumaa. Nikazichukua sindano za bibi nikazisukuma juu ya dari. Mtoto nikamwacha mikono mitupu. Ikawa baridi inamgeuza vidole rangi ya buluu, na mimi nikiona buluu moyo unapasuka, nakimbilia dirishani kutafuta uzi ambao haupo. Nikamfunga kipande cha kanga, nikakifungua, nikakifunga, nikakifungua, kutwa nzima. Hata soksi nilizigeuza na kuzipekua. Maziwa yakaanza kunikauka. Mama mkwe alinigombeza, "Mkamwana, utamuua mtoto kwa baridi kwa kuogopa uzi!" Alikuwa na haki, lakini sikuweza kuacha. Mtoto akaanza kupiga chafya, kisha kukohoa, na kliniki wakaniambia hajaongezeka uzito, nimwekee joto mikononi na miguuni. Nikasema ndiyo, nikarudi nyumbani, nikakaa nimezitazama sindano pale darini.

Asubuhi moja ya ukungu nikasikia kikohozi mara mbili. Nikaingia ndani haraka, nikasimama nyuma ya mlango. Kwa kawaida hupita moja kwa moja. Siku hiyo hatua zilisimama karibu na gogo langu la kupasulia kuni.

"Mjukuu wangu," akasema huko nje, "babu yako kakuletea uzi."

Hatua zikaondoka. Nilichungulia kwenye ufa nikauona mgongo wake ukiishia kwenye migomba. Shati jepesi tu, limemng'ang'ania kwa unyevu, mabega ameyakunja. Juu ya gogo palikuwa na lile sweta la kijivu.

Nikaliingiza ndani. Lilikuwa limefuliwa, linanuka sabuni ya mche. Nilitaka kulirudisha, nilitaka kumpelekea mama mkwe amwambie mzee ataugua. Kabla sijafanya lolote mikono yangu ilianza kupekua yenyewe, kama ilivyozoea. Kwenye mkono wa kulia, karibu na pindo, nikakuta doa dogo jeusi, uzi umeungua, majivu yanasagika vidoleni. Kwenye mkono wa kushoto, doa jingine. Kifuani, moja. Nikaligeuza, mgongoni, moja. Nikatazama shingo. Moja. Nikaliweka puani. Lilinuka nywele.

Niliketi chini na lile sweta mapajani, nikapanda juu ya stuli kushusha sindano, nikaketi tena. Nje, mbali kidogo, panga lilikuwa limeanza kukata majani ya ng'ombe. Binti yangu alikuwa kitandani, mikono ndani ya kanga, amelala fofofo.

"Mwanangu," nikamwambia, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya migomba, "mwambie babu yako, ndaga. Mwambie asante sana."

Panga likanyamaza kidogo, kisha likaendelea. Mtoto hakuamka, lakini nilimtuma hivyo hivyo.